Hesabu ya Matopeni Si ya Wanyonge

Ukitaka kumkasirisha mwalimu wa hesabu wa sekondari, mwambie awatoe wanafunzi wa Fomu ya Tatu darasani, awape kamba na futi ya fundi cherehani, waende wakapime kitu. Atakuuliza silabasi ataimaliza lini. Mzazi naye atakwambia hakulipa karo ili mwanawe afundishwe kupima miti, kazi ambayo babu yake angemfunza bure. Watakuwepo wachache wa kukuunga mkono, maafisa wa elimu na wafadhili wa semina, lakini sababu yao itawadhalilisha watoto kuliko tusi: watasema vitendo ni vizuri kwa sababu vinawasaidia wale wasioelewa haraka.

Kwa juujuu watu hawa wanapingana. Wasikilize vizuri utagundua lugha yao ni moja. Wote wanaamini hesabu ya kweli ni ile ya ubaoni, na kwamba ile ya kupima, kujenga na kutoka nje ni hesabu nyepesi, ya watoto wadogo na ya wanyonge. Huyu anaikataa kwa ajili ya wepesi huo, na yule anaikubali kwa ajili ya wepesi uo huo. Mimi siuoni wepesi wenyewe. Kazi ya mikono ikifanywa sawasawa ni ngumu kuliko maswali ya kitabuni, na ugumu huo ndio sababu ya kuifanya.

Mjadala huu umekuwa wa haraka sasa hivi. Aprili 2025, Waziri wa Elimu wa Kenya Julius Ogamba alitangaza kwamba hesabu itakuwa ya lazima katika sekondari ya juu, baada ya kelele kubwa kwamba mtaala mpya ungewaruhusu wanafunzi kuiacha. Uamuzi huo ulikuja na kisu ndani yake: hesabu ikakatwa mbili. Ipo moja ya watakaofuata mkondo wa sayansi, teknolojia na uhandisi, na ipo nyingine, nyepesi, ya wale wa sayansi za jamii na wa sanaa na michezo. Kwa mawazo yaliyozoeleka, ni rahisi kubashiri vitendo vitapelekwa wapi. Hesabu nzito itabaki ubaoni. Ile nyepesi itapewa duka, bajeti ya nyumbani na bei ya nyanya, kisha itaitwa hesabu ya maisha.

Sasa tushuke Jego, kwenye njia ya kutoka Lunga Lunga kwenda Vanga, kusini kabisa mwa Kwale, mpakani na Tanzania. Mtoto wa huku hahitaji shule imfundishe kubadilisha shilingi ya Kenya kwa shilingi ya Tanzania. Hiyo aliijua tangu alipoanza kutumwa dukani, na anajua pia kwamba anayekununulia hela hakupi bei ile anayokuuzia. Ukimpa hesabu ya duka ukasema umemletea maisha darasani, umemrudishia alichokuja nacho. Maisha yenye hesabu nzito yako pale pale karibu naye, ila hakuna anayempeleka.

Yako kwenye mikoko. Jamii za Vanga, Jimbo na Kiwegu zinalinda msitu wa mikoko wa hekta 460 na kuuza kaboni inayohifadhiwa humo, kwa mfano uliotangulia kuwekwa na wenzao wa Gazi, upande wa Msambweni, ambao mradi wao wa Mikoko Pamoja ulianza mwaka 2013 kwa hekta 117. Fedha hizo zimeingia kwenye maji, shule na mahitaji mengine ya vijiji. Msingi wake ni vipimo na hesabu. Lazima mtu aingie matopeni, apime miti, kisha aseme tani ni ngapi. Tufuatane na kazi hiyo hatua kwa hatua, tuone kama ni ya wanyonge.

Hatua ya kwanza ni kupata mraba wa mita 10 kwa 10 ndani ya msitu. Kwenye daftari, mraba ni mistari minne na dakika moja. Kwenye matope, kamba inakwama katika mizizi, mwenzako wa upande wa pili humwoni, na hakuna ukuta wa kukuonyesha pembe mraba iko wapi. Fundi muashi yeyote wa Kwale atakwambia dawa yake: kamba yenye vipimo vya tatu, nne na tano. Mwanafunzi aliyekariri kanuni ya Pythagoras kwa miaka mitatu hapa anaihitaji kwa mara ya kwanza. Akimaliza ajisahihishe mwenyewe: kutoka pembe hadi pembe ya mkabala lazima apate mita 14.14 kila upande. Akipata 14.5 upande mmoja, kazi irudiwe, na hakuna mwalimu aliyehitajika kuweka alama ya kosa.

Hatua ya pili ni mti wenyewe. Mchu, aina mojawapo ya miti ya msitu huu, hupimwa unene wake mita 1.3 kutoka chini. Lakini mkoko umesimama juu ya mizizi iliyopinda kama magoti, mingine inaanzia kiunoni mwa mtu. Chini ni wapi? Wataalamu wameafikiana: panda hadi sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa, upime hapo. Mwanafunzi anajifunza kwamba kabla ya namba kuna uamuzi, na kwamba watu wawili wasioafikiana juu ya uamuzi wataleta namba mbili tofauti kwa mti mmoja. Futi inampa mzingo. Anagawanya kwa pai apate kipenyo.

Halafu linakuja swali lenyewe. Mti huu una kipenyo cha sentimita 5, na ule wa sentimita 10. Ule wa pili ni mzito mara ngapi kuliko wa kwanza? Wengi watasema mara mbili. Mwenye kukumbuka eneo la duara atasema mara nne. Kanuni inayotumiwa sana kwa mikoko, iliyochapishwa mwaka 2005 na mtafiti wa Japani Akira Komiyama na wenzake, inapandisha kipenyo kwenye kipeo cha 2.46. Jibu ni mara tano na nusu. Na sasa mtoto anauliza, bila kuchokozwa, swali ambalo mwalimu wake amekuwa akitamani kuulizwa: kipeo cha mbili nakijua, cha tatu nakijua, hiki cha 2.46 ni nini? Zile logi alizokuwa akizilaani tangu Fomu ya Pili ndiyo njia ya kutokea. Akichora logi ya uzito dhidi ya logi ya kipenyo, ile kanuni inanyooka na kuwa mstari, na mteremko wa mstari huo ni 2.46. Kikokotoo kitampa jibu; mstari utamwambia kwa nini.

Hatua ya tatu ni kosa. Tuseme mmoja alivutia futi juu ya kovu la gamba, kipenyo chake kikazidi kwa asilimia 10. Uzito hautazidi kwa asilimia 10. Utazidi kwa asilimia 26. Mada ya makadirio na makosa imo kwenye silabasi ya Fomu ya Tatu, na kwa kawaida hupitiwa mbiombio kwa sababu kitabuni haina uchungu. Hapa ina uchungu, kwa kuwa uzito ni kaboni na kaboni ni hela.

Hatua ya nne ndiyo ngumu kuliko zote. Hekta moja ina miraba 100 ya namna hiyo. Hekta 460 zina miraba 46,000. Haipimiki yote. Basi tuchague ipi? Tukichagua iliyo karibu na njia, ambako wakata boriti hupita, msitu wote utaonekana umekwisha. Tukichagua ile inayofikiwa kwa mtumbwi tu, utaonekana haujaguswa. Namna ya kuchagua bila kujidanganya ni takwimu kwa maana yake kamili, na watu wazima wenye shahada hushindwa nayo kila siku.

Nionyesheni swali moja la kitabuni lenye haya yote. Halipo. Swali la kitabuni limekwisha kumfanyia mtoto kazi kubwa: limeamua kipi kipimwe, limefuta makosa, limechagua kanuni, limemwachia kujumlisha. Kisha tunashangaa kwamba anajua kujumlisha peke yake.

Najua jibu la mwalimu. Mtihani hauulizi mikoko. KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, ina karatasi mbili za hesabu, kila moja ya saa 2 na nusu na alama 100. Sehemu ya kwanza maswali 16 ya lazima, sehemu ya pili maswali manane, uchague matano. Anayetaka kupita huko, wanasema, afanye mazoezi ya karatasi zilizopita mpaka mkono uzoee. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama mazoezi hayo yangekuwa hayajajaribiwa. Yamejaribiwa. Ndiyo yaliyotawala asubuhi, jioni na Jumamosi katika sekondari zetu kwa miongo mingi, na kwa miaka mingi wastani wa somo hili kitaifa umekuwa chini ya alama 30 kwa 100, kwa ripoti za Baraza la Mitihani lenyewe. Dawa iliyonywewa muda wote huo na mgonjwa bado amelala haiwezi kujitetea kwa kusema kipimo hakikutosha.

Wala sisemi mazoezi yaachwe. Hesabu bila mazoezi haipo, kama ambavyo hakuna mpiga zumari asiyefanya mazoezi. Nasema hivi: Fomu ya Tatu ina vipindi kama saba vya hesabu kwa wiki. Muhula wa wiki 12 una vipindi 84. Naomba sita. Katika hivyo sita mtapitia Pythagoras, duara, logi, makosa na takwimu, mada tano zilizotapakaa katika vitabu vya miaka mitatu, zikiwa zimeshikana kwa mara ya kwanza. Mwalimu asiyeweza kutoa sita kati ya 84 hailindi silabasi. Anailinda ratiba.

Watasema pia madarasa yana watoto 60. Ubaoni 60 ni mzigo, na hakuna mwalimu anayeweza kuwasikiliza wote. Kwenye msitu 60 ni makundi kumi ya watu sita, na makundi kumi ni miraba kumi, na miraba kumi ni sampuli unayoweza kuihesabia wastani na mtawanyiko. Makundi mawili yakipewa mraba mmoja bila kuambiwa, mtaona pia tofauti inayoletwa na wapimaji wenyewe. Kwa shughuli hii darasa dogo ndilo lenye hasara. Vifaa navyo ni kamba, futi, chaki ya kuweka alama kwenye mti uliopimwa, na protrakta yenye uzi na kijiwe kwa anayetaka urefu wa mti kwa njia ya tanjiti. Ruhusa ya wanaoulinda msitu na saa ya maji kupwa havinunuliwi.

Pingamizi la pili lina ukweli mwingi na halifai kupuuzwa. Vitendo tumeviona, wanasema wazazi. Tangu mtaala mpya wa CBC uanze mwaka 2017 tumekesha tukitengeneza vinyago vya kutishia ndege, tumepanga foleni kwenye saiba kuchapisha picha, tumenunua manila na gundi, na alama zikapewa watoto kwa kazi ya mama zao. Wana haki ya kuchoka. Lakini walichochoshwa nacho hakikuwa na hesabu. Mradi wa hesabu una vigezo vitatu vinavyoweza kukaguliwa na mtu yeyote. Kwanza, una swali ambalo hata mwalimu hana jibu lake mfukoni. Pili, jibu lake ni namba inayoweza kuwa kosa, na kuna njia ya kuligundua kosa. Tatu, hauwezi kukamilika bila hesabu ya kiwango cha darasa lile. Kinyago cha shambani kinaanguka kwenye vigezo vyote vitatu. Hata ule mradi unaopendwa na wengi, wa kuchora grafu ya matunda yanayopendwa na wanafunzi wa darasa, unaanguka kwenye cha tatu ukipewa Fomu ya Tatu.

Historia nayo inatuonya. Katika miaka ya 1960 waandishi wa vitabu walikusanyika Entebbe wakatuletea hesabu mpya ya seti na alama. Mwaka 1981 Kenya ikaipa mgongo. Mwaka 1998, kwa msaada wa Japani, ukaanza mpango wa SMASSE wa kuwafundisha walimu wa hesabu na sayansi kutumia shughuli, majaribio na vifaa vya kubuni. Ilikuwa fikra njema. Mwalimu alitoka semina akarudi kwenye silabasi ile ile na mtihani ule ule, na mwalimu mkuu aliyetaka wastani wa shule upande muhula huo. Somo ninalolipata hapo ni kwamba vitendo visivyohesabika kwenye alama za mwisho huishia kwenye picha za semina.

Nimebakiwa na wapenzi wa vitendo, na hao ndio wanaonitia hofu zaidi. Wanapenda kutaja utafiti uliofanywa Recife, Brazili, na kuchapishwa mwaka 1985, juu ya watoto wachuuzi. Sokoni walipatia hesabu zao kwa asilimia 98. Hesabu hizo hizo zilipowekwa kwenye karatasi kama tarakimu tupu, wakapatia asilimia 37. Hitimisho linalopendwa ni kwamba mtoto wa mtaani ana hesabu yake, tumheshimu, tumwachie. Nendeni mkasome walichokuwa wakikifanya. Mtoto mmoja, muuza nazi, aliulizwa bei ya nazi kumi kwa 35 kila moja. Hakuzidisha kwa kumi. Alianza na bei ya nazi tatu, 105, akaongeza tatu nyingine, na nyingine, kisha akamalizia na moja, mpaka 350. Ni akili safi, na muuza madafu wa Diani angeifuata bila shida. Lakini njia hiyo ina mwisho. Huwezi kujumlisha tatu-tatu mpaka ukafika kipeo cha 2.46. Kumheshimu mtoto yule ni kumvusha, na kumwacha pale kwa kumsifu ni dharau iliyovaa kanzu.

Ndivyo ilivyo kwa bahari. Mvuvi wa Vanga anajua bamvua linarudi kila baada ya wiki mbili hivi, katikati yake maji mafu, na kwamba kujaa kwa kesho kutachelewa kama dakika 50 kuliko kwa leo. Maarifa haya ni ya thamani, hasa katika mji ambao maji ya bahari huingia mitaani bamvua likizidi. Mpeleke sasa mwanafunzi wa Fomu ya Nne, anayesoma grafu za saini, asimike mti wenye alama za sentimita mahali salama, asome maji kila nusu saa kutwa nzima. Atapata wimbi la takriban saa 12 na dakika 25. Asome tena wiki moja baadaye: wimbi ni lile lile, kimo kimebadilika. Saini moja haitoshi. Yapo mawimbi mawili, la mwezi lenye saa 12 na dakika 25, na la jua lenye saa 12 kamili, yakiachana kidogo kidogo mpaka yapishane na kukutana tena baada ya siku 14 na robo tatu. Hizo ndizo wiki mbili za mvuvi. Babu alijua lini. Mjukuu sasa anajua kwa nini, na anaweza kuandika mlinganyo wa maji ya mwezi ujao. Hili limepita silabasi kabisa, na limefikiwa kwa mti na saa.

Pia sidai kwamba mtoto akiachiwa mti na saa atagundua haya peke yake. Vitendo bila mwalimu ni matembezi. Watafiti Kirschner, Sweller na Clark walieleza vizuri mwaka 2006 kwamba anayeanza kujifunza huzama akiachwa ajigundulie mwenyewe. Logi zifundishwe kwanza darasani, kwa maelezo na mazoezi. Matopeni ndiko zinakopata kazi.

Kwa nini haya ni muhimu Kwale kuliko sehemu nyingine nyingi? Kwa sababu huku watu wanatawaliwa na hesabu zilizofanywa na wengine. Kampuni ya Base Titanium ilichimba mchanga wa madini Maumba na Nguluku kuanzia 2013 hadi mwisho wa 2024. Sheria ya Madini ya 2016 inagawa mrabaha: asilimia 70 kwa serikali kuu, 20 kwa kaunti, 10 kwa jamii. Asilimia 10 ya nini? Ya mrabaha, ambao wenyewe ni asilimia ya thamani ya mauzo. Thamani hiyo imekadiriwa na nani, kwa bei ya siku gani? Mikataba ya kaboni nayo ni ya miaka mingi, na ndani yake kuna makadirio ya ukuaji wa miti, akiba ya tahadhari na bei zinazopanda na kushuka. Aliyesoma hesabu ya duka peke yake ataambiwa namba ya mwisho na kuitikia. Aliyewahi kupima mkoko, akaona asilimia 10 ya uzembe ikizaa asilimia 26 ya uongo, atainua mkono kwenye baraza aulize namba hii imepatikanaje.

Basi Baraza la Mitihani liupe mradi wa namna hii alama zinazouma, kwenye hesabu zote mbili, ile nzito na ile iliyoitwa nyepesi, na liwapeleke wakaguzi wakamuulize mwanafunzi mwenyewe namba zake zimetoka wapi, ili mama yake apumzike. Walimu watoe vipindi sita. Wazazi waache kuuliza mtoto ameleta kitu gani nyumbani, waulize amepata namba gani na anajuaje kuwa si kosa. Na wanaopanga mikondo wakome kudhani kwamba mtoto anayechafuka miguu ameshindwa kufikiri. Kabla hawajamwandikia mtoto wa Jego hesabu nyepesi, wao wenyewe wajaribu kuupata mraba wa mita 10 ndani ya mikoko, na wasitoke mpaka pembe kwa pembe isome 14.14.